Edale au Grasmere: mgeni wako umpeleke kijiji kipi?

Msimu wa wageni ukianza, swali huwa lile lile kwa Waswahili wanaoishi Manchester, Leeds au Sheffield. Mgeni ameshaona mji, ameshapiga picha nje ya uwanja wa mpira, ameshachoka maduka. Sasa anataka kuiona Uingereza ya mashambani, ile ya kondoo, kuta za mawe na vilima vya kijani, na anataka kuipitia kwa miguu. Majina mawili hutajwa haraka: Edale, kijiji cha Derbyshire kilichomo ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, na Grasmere, kijiji cha Cumbria kilicho katikati ya Lake District. Vyote ni vidogo, vyote vimezungukwa na vilima, na vyote hujaa watu waliovaa buti na kubeba begi mgongoni. Lakini aliyestahili Grasmere ukimpeleka Edale, mtarudi nyumbani mmenuniana.

Nitoe hukumu yangu mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Mwenye siku moja na miguu yenye nguvu aende Edale. Mwenye siku mbili au tatu, au anayeongozana na mzee au watoto wadogo, aende Grasmere. Kwa uzuri sioni cha kushindanisha. Kinachotenganisha vijiji hivi ni namna ya kuvifikia, na kile utakachokikuta mvua ikianza kunyesha saa sita mchana. Na mvua itanyesha.

Safari yenyewe

Edale ina stesheni yake, na hilo peke yake ni nusu ya sababu ya kuichagua. Treni za njia ya Hope Valley, inayounganisha Manchester na Sheffield, husimama hapo. Kutoka Manchester Piccadilly ni kama dakika 45, kutoka Sheffield ni kama nusu saa. Ukitokea London unapanda treni ya Sheffield pale St Pancras, kama saa mbili hivi, kisha unabadilisha. Angalia tu kwamba treni uliyopanda ni ile inayosimama vituo vidogo, maana zile za haraka hupita Edale bila hata kupunguza mwendo, na utajikuta umefika Sheffield bila kupenda.

Ukishuka Edale, kutembea kumeshaanza. Unatoka stesheni, unapita chini ya daraja la reli, unafuata barabara nyembamba inayopanda taratibu kando ya kanisa, na baada ya dakika kama kumi uko mbele ya Old Nags Head, baa ya zamani ambayo ndiyo mahali pa kuanzia Pennine Way. Njia hiyo ilifunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili 1965, ina urefu wa maili 268, yaani kama kilomita 430, na inaishia Kirk Yetholm, upande wa pili wa mpaka wa Scotland. Huhitaji kwenda huko. Lakini kuna raha yake kusimama pale asubuhi ukiwatazama wanaoanza: mabegi makubwa, buti mpya zisizo na tope, na nyuso za watu ambao bado hawajajua wamejiingiza katika nini.

Grasmere haina reli, na sababu yake ina kisa. Mshairi William Wordsworth, aliyeishi eneo hili sehemu kubwa ya maisha yake, mwaka 1844 alipinga kwa kalamu mpango wa kuleta reli kutoka Kendal hadi Windermere. Alihofia makundi ya watu kutoka miji ya viwanda yangeharibu utulivu. Reli ilijengwa hata hivyo, ikafika Windermere mwaka 1847, lakini haikuendelea zaidi ya hapo. Kwa hiyo hadi leo unafika Windermere kwa treni, mara nyingi ukibadilisha Oxenholme, kisha unapanda basi namba 555 linalopita Ambleside na kukufikisha Grasmere. Kutoka Manchester hadi kijijini, jumlisha treni, kusubiri na basi, usipange chini ya saa mbili na nusu. Kwa basi lenyewe nauli si mzigo, kwani tangu Januari 2025 safari moja ya mabasi mengi ya Uingereza imewekewa kikomo cha pauni 3. Na dirishani unaona maji ya ziwa Windermere, kisha Rydal Water, kisha ziwa la Grasmere lenyewe, kwa hiyo hata asiyeweza kutembea sana ameshapata kitu.

Ukijumlisha kwenda na kurudi, Grasmere ya siku moja inakula saa tano barabarani. Inawezekana, watu hufanya, ila mimi simshauri mtu. Kijiji hiki ni cha kulala.

Edale: watu waliofungwa jela kwa kutembea

Juu ya Edale kuna Kinder Scout, mita 636, sehemu ya juu kuliko zote katika Peak District. Mgeni kutoka nyumbani akisikia namba hiyo hucheka, na ana haki: Moshi mjini penyewe pako juu kuliko hapo, acha Arusha na Nairobi. Ukija na mama mkwe kutoka Marangu, jiandae kuulizwa, "Mwanangu, hiki ndicho mnachokiita mlima?" Mwache acheke, ila hakikisha koti lake la mvua liko begini. Kinder haina kilele cha kuchongoka. Juu kabisa ni uwanda mpana wa udongo mweusi wa mboji, uliokatwakatwa na mifereji yenye kina cha kumzidi mtu kimo, na ukungu ukishuka kila mfereji unafanana na mwenzake. Hapo ndipo watu hupotea, ndani ya mita 636 hizo hizo.

Siri ya kuifurahia Kinder ni kutoingia katikati. Fuata ukingo. Unapanda kwa bonde la Grindsbrook, ambapo mwanzo ni daraja dogo la mbao na miti, kisha bonde linabana, kijito kinapiga kelele pembeni yako, na mwisho unapanda juu ya mawe makubwa ukitumia mikono. Ukifika juu unageuka kushoto na kufuata ukingo, mabonde yote yakiwa chini yako, hadi Jacob's Ladder, ngazi ya mawe inayokushusha hadi Upper Booth, na kutoka hapo ni mashamba ya kondoo hadi kijijini. Ni kilomita kama 13 au 14, saa tano kwa mtu wa kawaida. Kwa mtoto wa miaka saba ni nyingi mno.

Njia ya pili ya Edale ni nyepesi zaidi na picha zake ni nzuri zaidi. Unavuka upande wa pili wa bonde, unapanda hadi Hollins Cross, halafu unatembea juu ya mgongo wa kilima hadi Mam Tor, mita 517. Njia ya mgongoni imetandikwa mabamba ya mawe, kwa hiyo hata tope likiwepo huzami. Wenyeji huita Mam Tor mlima unaotetemeka, na si utani: upande wake wa mashariki umekuwa ukiporomoka miaka yote. Barabara kuu ya magari iliyopita chini yake ilipasuka, ikarekebishwa, ikapasuka tena, hadi mwaka 1979 ikafungwa moja kwa moja. Vipande vyake bado vipo, lami imekunjika na kukatika, mstari mweupe wa katikati ukiishia hewani. Watoto hupenda hapo kuliko mlimani.

Lakini kwa mgeni mwenye kupenda historia, Kinder ina jambo ambalo Grasmere haina. Zamani uwanda huu wote ulikuwa mali ya mabwana wachache waliotaka uwindaji wa ndege, na wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield, ambao Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kupumua, walikuwa wakifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana waliamua kupanda bila ruhusa. Kundi kubwa lilitoka Hayfield, upande wa magharibi, likiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20, na wengine kutoka Sheffield walipandia upande huu wa Edale. Walipambana na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela. Hasira iliyofuata ilisaidia kuzaa sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1949, na Peak District ikawa ya kwanza kutangazwa, Aprili 1951. Mwaka 2002 Duke wa Devonshire, mjukuu wa mmiliki wa enzi hizo, aliomba radhi hadharani kwa yaliyotokea. Sisi tunaotoka nchi ambako habari ya ardhi na nani ana haki ya kupita haijaisha, tunaisikia hadithi hii kwa masikio yetu wenyewe.

Kijiji chenyewe cha Edale, nikisema kweli, hakina mengi. Kanisa, shule, baa mbili, mahali pa chai, viwanja vya kupiga hema, basi. Asiyetaka kupanda kilima atakuwa amemaliza kijiji kabla chai haijapoa.

Grasmere: hata mvua ina kazi

Huko mambo ni kinyume. Kijiji kina hoteli, migahawa, maduka ya vitabu na makoti, na watu wanaokuja bila nia yoyote ya kupanda kilima. Kwa msafiri wa buti hilo linaweza kuudhi: mwezi Agosti njia ya kijijini hujaa hadi unatembea upande upande. Kwa familia ni neema.

Chukua mfano wa kanisa la St Oswald. Wordsworth, aliyefariki mwaka 1850, amezikwa uani pamoja na familia yake, jiwe la kawaida kabisa, hakuna mbwembwe. Kando ya lango la makaburi kuna kijumba kilichojengwa mwaka 1630 kikiwa shule ya kijiji. Ndani yake, tangu mwaka 1854, huuzwa mkate wa tangawizi wa Sarah Nelson. Chumba ni kidogo kiasi kwamba foleni husimama nje, na harufu unaipata kabla hujaiona nyumba. Wauzaji huvaa aproni na kofia za kizamani, kipande hufungwa kwa karatasi, na ukikiuma unakuta si biskuti wala si keki: juu kimevunjika kama mchanga mkavu, katikati kinatafunika, na tangawizi inakuja nyuma ya ulimi taratibu. Mtu wa Unguja atacheka kuona Waingereza wamepanga foleni kwa ajili ya tangawizi, kisha atapanga na yeye.

Nyumba aliyoishi Wordsworth kuanzia 1799 hadi 1808, Dove Cottage, iko ukingoni mwa kijiji, na kuna makumbusho jirani yake. Kiingilio kipo. Hapa ndipo utakapokimbilia mvua ikizidi, na itazidi: Lake District ni sehemu yenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza. Seathwaite, kitongoji kilicho upande wa pili wa vilima kutoka Grasmere, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ya Dar inamwagika ikaisha, na hii inanyunyiza tangu asubuhi hadi jioni bila kukata tamaa.

Kwa miguu, Grasmere ina njia za kila umri, na hapo ndipo inapoishinda Edale waziwazi. Ya kwanza ninayomshauri kila mtu ni Njia ya Majeneza. Zamani watu wa Rydal na Ambleside hawakuwa na mahali pao pa kuzikia, kwa hiyo waliwabeba marehemu kwa miguu hadi St Oswald. Njia hiyo bado ipo, inapita kwenye mteremko juu ya maji, na kando yake kuna jiwe bapa ambapo wabebaji waliweka jeneza ili wapumzike. Unaenda nayo hadi Rydal, unavuka mto, unarudi upande wa pili kwa kupitia pango la Rydal, ambalo kwa kweli ni machimbo ya mawe yaliyoachwa, kisha Loughrigg Terrace, na hapo ziwa lote la Grasmere linafunguka mbele yako na kijiji mwisho wake. Kama kilomita 10 kwa jumla, mipando midogo tu. Bibi mwenye magoti mazuri anaiweza, na akichoka Rydal anapanda basi la kurudi, jambo ambalo juu ya Kinder halipo.

Easedale Tarn, ziwa dogo lililojificha juu, ni kilomita nane kwenda na kurudi, na njiani kuna maporomoko ya maji yanayoonekana meupe kutoka mbali. Helm Crag, mita 405, ni fupi lakini inapanda wima. Juu yake kuna mawe ambayo kutoka kijijini yanaonekana kama simba na mwanakondoo. Jiwe la juu kabisa ni la kukwea kwa mikono, na hata Alfred Wainwright, aliyevielezea vilima 214 vya eneo hili kimoja kimoja, hakuwahi kufika juu yake, kwa hiyo usione aibu kuishia chini ya jiwe. Mwenye kiu ya milima ya kweli atapata Fairfield, mita 873, na Helvellyn, mita 950. Yaani kwa urefu pia Edale imeshindwa, ila kwa hizo mbili unahitaji siku nzima na hali ya hewa iliyotulia.

Pesa na tumbo

Edale ni nafuu kwa sababu hulali. Ukitaka kulala, hema au hosteli ya vijana ndiyo njia ya bei ndogo. Grasmere nayo ina hosteli ya vijana, na bila hiyo, kiangazi, vyumba vya hoteli vitakutoa jasho. Ambleside iko karibu kwa basi lile lile la 555 na ina vyumba vingi zaidi. Kupiga hema popote unapopenda hakuruhusiwi bila idhini ya mwenye ardhi, kote kuwili.

Kwa Waislamu: hakuna msikiti katika kijiji chochote kati ya hivi, na usitarajie nyama halali. Watu wengi hubeba chakula, na hapa hakuna anayekushangaa ukifungua chapati na maharage ukutani mwa shamba, kwani na wao wanakula sandwichi zao hapo hapo. Ukitaka samaki na chipsi, uliza kwanza wamekaanga kwa mafuta gani. Kaskazini mwa Uingereza baadhi ya maduka bado hutumia mafuta ya ng'ombe, na hayaandiki mlangoni. Hilo linawahusu pia jamaa zetu Wahindu na wasiokula nyama.

Mambo ambayo mgeni hajui

Mwanga wa mchana huwachanganya sana waliozoea jua la saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasoro dakika 20 usiku, hivyo unaweza kuanza kutembea baada ya chakula cha mchana bila wasiwasi. Mwezi Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Kinder ya Desemba inayoanza saa sita mchana ni ya kurudi kwa tochi.

Njia zenyewe ni rahisi kusoma ukishajua alama. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu, wa bluu ni wa farasi na baiskeli pia, na tunda la mwaloni ni alama ya njia za kitaifa kama Pennine Way. Njia hupita katikati ya shamba la mtu, na hilo ni haki yako, mradi lango uliache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000. Kwa Kinder ni karatasi iitwayo OL1. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unataka waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu.

Viatu vya mpira wa miguu au raba bapa vinatosha Loughrigg Terrace siku ya jua. Grindsbrook havifai siku yoyote.

Na kama mmeshaenda kote

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikutaja Malham, kule Yorkshire. Ukuta wake wa chokaa, Malham Cove, wenye mita kama 80 kwenda juu, ni kitu cha kumnyamazisha mtu yeyote, na juu yake mawe yamepasuka kwa mistari kama sakafu ya jitu. Gordale Scar iko umbali wa matembezi. Lakini Malham haina treni, mabasi ni machache, na bila gari la binamu yako siku itaisha mkisubiri kituoni Skipton. Mwenye gari aifikirie kabla ya Edale, hasa akiwa na watoto, maana hadi chini ya ukuta njia ni tambarare.

Kwa asiye na gari, akiwa na Jumamosi moja tu na mgeni wa umri wake, mimi ningepanda treni ya asubuhi ya Edale, nipite Hollins Cross na Mam Tor, na kama miguu bado ipo nishukie Castleton nikaone mapango yake badala ya kurudi bondeni. Ila mkifanya hivyo, stesheni ya karibu ya kurudia ni Hope, si Edale, na ni mwendo wa dakika 45 na ushee kwa barabara, kwa hiyo ratiba ya jioni iangalieni kabla ya kuagiza chai.